Uzi: Kwa nini saa ya Windows hurudi nyuma kwa saa 3 nikitoka Ubuntu, lakini si kila siku?

#1 MhasibuTanga
Wanajukwaa, salaam. Nina kompyuta ya mezani niliyoinunua ikiwa imeshatumika, na ndani yake nimeweka mifumo endeshi miwili, Windows 10 na Ubuntu 24.04. Windows nimeibakiza kwa sababu programu ya hesabu za duka hufanya kazi huko tu. Kwa kuwa Windows 10 ilifikia ukomo wa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, niliamua upande huo usiguse intaneti kabisa. Barua pepe, benki na mengine yote nayafanyia Ubuntu, kwa bando la simu.

Tatizo langu ni saa. Nikitoka Ubuntu na kuingia Windows, mara nyingi naikuta imerudi nyuma kwa saa 3 kamili, dakika zikiwa hazijaguswa. Naiweka sawa kwa mkono na kuendelea. Kinachonishangaza ni kwamba ziko siku ambazo nashinda Ubuntu mchana kutwa, nikirudi Windows saa iko sahihi. Wiki hii mteja amenirudishia stakabadhi inayoonyesha kuwa aliuziwa mzigo saa 5 asubuhi, wakati siku hiyo duka lilifunguliwa saa 8 mchana kwa sababu tulikuwa msibani. Kwa mtu anayefunga hesabu kila jioni, hilo si jambo dogo. Chanzo ni nini, na kwa nini si kila siku?

#2 FundiKariakoo
Hiyo ni betri ya ubao mama, ile ya duara iliyoandikwa CR2032. Kompyuta zilizotumika huja na betri iliyochoka. Ikiwa na afya hutoa volti 3; ikishuka sana, saa haitunziki umeme unapokatwa. Ibadilishe, bei yake ni ndogo, na tatizo litakwisha.

#3 Mzizima
Kabla hatujaenda mbali, naomba ufafanuzi. Hizo saa unazozitaja ni kwa hesabu yetu ya asubuhi na jioni, au ndivyo zinavyosomeka kwenye skrini? Wengi huja hapa na tofauti ya saa 6 ambayo chanzo chake ni kuhesabu tu.

#4 MhasibuTanga
Nimezitaja kwa hesabu yetu. Kwenye skrini stakabadhi inasomeka 11:00, nayo ilipaswa kusomeka 14:00. Kwa hiyo tofauti ni saa 3.

#5 Msimbo_NBI
Ndugu FundiKariakoo, kwako kila ugonjwa dawa yake ni betri! Betri iliyochoka hairudishi saa nyuma kwa saa 3 kamili huku dakika zikibaki sawa. Tarakimu hiyo ya 3 ndiyo inayosema ukweli, kwa sababu ndiyo tofauti kati ya saa ya dunia, UTC, na saa ya Nairobi na Dar es Salaam.

Ndani ya kompyuta kuna saa ndogo inayoendelea kutembea hata mashine ikiwa imezimwa, na saa hiyo haina habari ya ukanda wa saa. Inahifadhi tarakimu tu. Windows huzichukua tarakimu hizo kuwa ni saa ya ukutani ya mahali ulipo, desturi iliyorithiwa tangu enzi za MS-DOS, mfumo endeshi uliotangulia Windows. Linux, ambayo Ubuntu ni aina yake, huzichukua kuwa ni UTC, kisha huongeza saa 3 kabla ya kukuonyesha. Kila mfumo ukiwa peke yake hakuna ugomvi. Ukiiweka miwili katika mashine moja, Ubuntu huandika 11:00 ikimaanisha UTC, na Windows inaisoma 11:00 hiyo kama ilivyo.

#6 KigaliKwetu
Maelezo ya #5 ni mazuri, ila msomaji wa mbali asidhani kwamba tofauti ni 3 kwa kila anayesoma Kiswahili. Kigali na Bujumbura tuko saa 2 mbele ya UTC, na ndivyo ilivyo Goma, Bukavu na Lubumbashi, wakati Kinshasa ni saa 1. Nimewahi kuona hapa mtu wa Bukavu akiambiwa kwamba tatizo lake ni jingine kabisa, eti kwa sababu saa yake ilirudi nyuma kwa 2 badala ya 3.

#7 MaskatiMtaa
Na Muscat ni 4. Mashine yangu ilifanya vivyo hivyo, kwa saa 4 kamili.

#8 Mzizima
Nashukuru kwa #5, lakini bado hajajibiwa swali lake la pili: kwa nini si kila siku? Mimi nadhani sababu ni ule uwashaji wa haraka ulioletwa na Windows 8 mwaka 2012. Ukibonyeza kuzima, Windows haizimi kila kitu. Hufunga programu zako, kisha huhifadhi kiini cha mfumo kwenye diski kama mtu aliyelala, ili kesho iamke haraka. Ukichagua kuwasha upya, huzima kweli. Kwa hiyo mwenye uzi huenda siku nyingine hufika Ubuntu kwa njia ya kuzima na siku nyingine kwa kuwasha upya, na Windows inarudi katika hali mbili tofauti.

#9 Mkongwe_wa_Linux
Jibu la si kila siku ni jepesi kuliko hilo. Linux huandika saa yake kwenye ile saa ndogo wakati wa kuzima. Ukizima Ubuntu kwa utaratibu, inaandika. Umeme ukikatika kabla hujazima, haiandiki, na Windows inakuta saa ya zamani iliyo sahihi. Tanga umeme hukatika mara ngapi? Hapo ndipo pa kuangalia.

#10 Msimbo_NBI
Mzee wetu Mkongwe, hivyo ndivyo ilivyokuwa katika matoleo ya zamani, ambayo yalikuwa na hatua ya kuhifadhi saa wakati wa kuzima. Ubuntu za sasa hazifanyi hivyo. Siku hizi ni kiini cha Linux chenyewe kinachoandika, na hufanya hivyo takriban kila dakika 11, kwa sharti moja: saa ya mfumo iwe imekwisha kulinganishwa na seva za saa kwenye intaneti. Bila intaneti hakuna ulinganisho, na bila ulinganisho hakuna kuandika.

Sasa tumsome tena mwenye uzi. Yeye Ubuntu anatumia bando. Ndugu MhasibuTanga, zile siku ambazo Windows inakuwa sahihi, je, ulikuwa na bando?

#11 MwalimuMaabara
Naomba niongeze ushahidi katika hoja ya #10. Ninasimamia maabara ya kompyuta ya shule ambako mashine zote zina Windows na Ubuntu, na chumba chenyewe hakina intaneti. Kwetu Windows haijapata kukosea saa hata siku moja. Ni Ubuntu inayotangulia kwa saa 3 wakati wote, kiasi kwamba wanafunzi wa zamu ya asubuhi hufungua faili zao na kukuta zimeandikwa kuwa zilihifadhiwa mchana ambao haujafika. Nilikuwa nikidhani kwamba nilikosa kuchagua ukanda sahihi, kwa sababu Windows inanipa Nairobi na Ubuntu inanipa Dar es Salaam.

#12 Msimbo_NBI
Mwalimu, hayo majina mawili hayana tofauti. Katika hazina ya kanda za saa inayotumiwa na Linux, Dar es Salaam ni kiungo tu kinachoelekeza Nairobi. Maabara yako inathibitisha jambo lenyewe: Ubuntu inasoma 10:00 iliyoachwa na Windows, inaidhani UTC, inaonyesha 13:00, lakini haiandiki chochote kwa kuwa haina seva ya kulinganisha nayo. Windows inarudi na kukuta 10:00 yake ikiendelea kutembea salama.

#13 MhasibuTanga
Asanteni. Nimekaa na daftari la matumizi, ambamo naandika kila bando ninalonunua. Siku nyingi zinafuatana na maelezo ya #10: siku za bando ndizo siku za saa kuharibika. Na ni kweli kwamba siku zisizo na bando saa ya Ubuntu inakuwa mbele, ila sikuwa naijali kwa kuwa stakabadhi natoa upande wa Windows. Hata hivyo iko siku moja ambayo haifuati. Sikuwa na bando, sikuingia Ubuntu kabisa, na asubuhi Windows ilikuwa nyuma. Si kwa saa 3, bali kwa muda unaokaribia ule ambao swichi ya ukutani ilikuwa imezimwa usiku.

#14 FundiKariakoo
Betri. Nimesema tangu #2, na sasa ushahidi umeletwa na mwenyewe. Betri dhaifu si lazima ifute kila kitu na kukurudisha kwenye tarehe ya kiwandani. Kabla ya kufika huko, saa husimama umeme wa ukutani unapokosekana na kuendelea unaporudi. Zima swichi ya ukutani usiku, washa asubuhi, ingia moja kwa moja kwenye BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio ya ubao mama, bila kufungua mfumo wowote, uisome saa pale. BIOS haijui UTC wala Nairobi, kwa hiyo kinachoonekana hapo ni cha saa yenyewe.

#15 Msimbo_NBI
Kipimo hicho ni kizuri, nami nakiunga mkono, ila kinahitaji tahadhari: aandike saa iliyosomeka kwenye BIOS kabla ya kuzima, kwa sababu ikiwa Ubuntu ndiyo iliyoandika mara ya mwisho, BIOS itakuwa nyuma kwa saa 3 hata betri ikiwa mpya kabisa. La kulinganisha ni tofauti kati ya usiku na asubuhi. Na asiulize Ubuntu habari za betri, kwa kuwa Ubuntu huhifadhi kwenye diski alama ya wakati wa mwisho inaoujua na haikubali kuanza nyuma ya hapo. Betri ikifa kabisa, Ubuntu itaonyesha saa iliyo karibu na ile ya mara ya mwisho ilipotumika, na ukiitazama juujuu utadhani saa imesimama kidogo tu.

#16 Mzizima
Sijaona bado hoja iliyoondoa uwashaji wa haraka. Betri inaeleza siku moja na bando linaeleza siku nyingi, lakini alisema siku nyingi, hakusema zote zilizobaki.

Hata tukiacha saa pembeni, kwa mwenye mifumo miwili ni hatari kuuacha uwashaji huo ukiwa umewezeshwa. Kiini kikiwa kimelala kwenye diski, Windows inaamini kwamba ile sehemu ya diski haijaguswa na mtu. Ubuntu ikikuta hali hiyo kwa kawaida hukataa kuandika humo na kuifungua kwa kusoma tu, jambo linalowafanya wengi waje hapa kulalamika kwamba faili zao zimefungwa. Dawa ni kuandika amri hii katika dirisha la amri la Windows, ukiwa msimamizi:

powercfg /h off

Amri hiyo huondoa pia faili kubwa la ulalaji, na hivyo kuongeza nafasi kwenye diski.

#17 BintiMombasa
Nimefuata mjadala wote. Mimi nataka dawa ya saa, maana nimechoka kusoma sababu. Nilipata mtandaoni amri hii ya Ubuntu na imenifaa:

sudo timedatectl set-local-rtc 1 --adjust-system-clock

Inaiambia Ubuntu ifuate desturi ya Windows. Tangu hapo mifumo yote miwili inakubaliana. Ila kila nikiandika timedatectl peke yake napewa onyo refu la kunitisha. Je, nina haja ya kuogopa?

#18 Mkongwe_wa_Linux
Dada, usiogope. Onyo hilo linahusu hasa kubadilisha ukanda wa saa na nchi zenye saa ya kiangazi. Kwetu pwani na bara saa haisogezwi kwa majira, kwa hiyo sehemu hiyo haituhusu. Jambo moja tu la kuelewa ni kile kipande cha mwisho cha amri. Ukikiweka, Ubuntu huisoma upya ile saa ndogo na kuifuata. Ukikiacha, Ubuntu huiandika ile saa ndogo kwa saa yake yenyewe. Kama saa iliyo sahihi wakati huo ni ya Windows, kiweke. Kama ni ya Ubuntu, kiache.

#19 Mpwani_Hamburg
Kwa sisi tulio Ujerumani onyo hilo linatuhusu sana. Jumapili ya mwisho ya Machi saa inasogezwa mbele, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba inarudishwa. Katika mpangilio wa #17, Ubuntu haiisogezi ile saa ndogo. Inaisubiri Windows ifanye kazi hiyo. Mtu akikaa Ubuntu wiki nzima baada ya mabadiliko, kila akiwasha anaanza na kosa la saa 1 mpaka intaneti imsahihishe. Mimi nilibadilisha upande wa Windows na nikapumzika. Amri yake ni hii, nayo huandikwa katika dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi:

reg add "HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation" /v RealTimeIsUniversal /t REG_DWORD /d 1 /f

Inaifundisha Windows kuisoma saa ndogo kama UTC. Zima, washa upya, na kama itakuwa mbele, iweke sawa mara moja.

#20 BintiMombasa
Mimi siko Hamburg, na kugusa rejista ya Windows naogopa zaidi ya hilo onyo. Nitabaki na #17.

#21 Msimbo_NBI
Kwako, dada, #17 inatosha kama Windows yako inapata intaneti. Kwa mwenye uzi sishauri, na sababu haina uhusiano na saa ya kiangazi. Huduma ya kulinganisha saa iliyomo katika Ubuntu 24.04 ikiona kwamba ile saa ndogo imewekwa katika saa ya mahali, huacha kabisa kuigusa. Hata zile dakika 11 za #10 hazitumiki tena. Kazi ya kuitunza inabaki kwa Windows peke yake, na Windows yake hana nia ya kuiunganisha na intaneti. Saa hizi za ubao hupotea sekunde chache kwa siku, nyingine zaidi. Baada ya miezi kadhaa stakabadhi zitakuwa na makosa ya dakika, na hakuna mfumo utakaozirekebisha. Akifuata #19, kila siku ya bando Ubuntu itairekebisha ile saa ndogo, na Windows itafaidika bila kugusa mtandao.

#22 Mzizima
Hilo nakubali kwa mpangilio wake. Lakini ziko taarifa za watu waliotumia #19 katika Windows za zamani, saa ikaharibika mashine inapoamka usingizini. Ndiyo maana narudia kuwa #16 itangulie, kisha #19.

#23 Mpwani_Hamburg
Za zamani, ndiyo. Katika Windows 10 na 11 mimi sijakutana nalo, na mashine yangu hulala na kuamka kila siku.

#24 MaskatiMtaa
Kuna jambo dogo ambalo halijatajwa. Wapo wanaotumia programu ya kompyuta kutoa namba za siri za kuingilia akaunti, zile zinazobadilika kila sekunde 30. Namba hizo hukokotolewa kutokana na wakati. Windows ikiwa nyuma kwa saa 4 kama yangu, kila namba hukataliwa, na mtu hudhani ameibiwa akaunti. Programu ya simu haiathiriki.

#25 FundiKariakoo
Na vivinjari hukataa tovuti kwa madai kwamba vyeti vya usalama si halali.

#26 Msimbo_NBI
Kwa saa 3 ni nadra. Labda cheti kiwe kimetolewa muda huo huo. Kivinjari hukataa hasa saa inaporudi nyuma kwa miaka, na hapo, fundi, nakuachia betri yako. Tena saa ikitofautiana kwa zaidi ya saa 15, Windows isiyo katika mtandao wa ofisi hukataa kujisahihisha yenyewe kwa mpangilio wake wa kawaida, kwa hiyo ni lazima mtu aiweke kwa mkono kwanza.

#27 MhasibuTanga
Nimerudi na matokeo. Nilifanya #19 bila #16, kwa sababu nilitaka kubadilisha kitu kimoja kwa wakati. Windows ilikuwa mbele kwa saa 3 nilipoiwasha, nikaiweka sawa, na tangu siku hiyo siku za bando hazijaiharibu tena. Stakabadhi zinatoka na saa sahihi. Kipimo cha fundi nilikifanya Jumamosi usiku: swichi ilizimwa mpaka asubuhi, na BIOS haikupoteza hata dakika moja.

Jana, hata hivyo, Windows ilikuwa nyuma tena, kwa takriban dakika 40. Umeme ulikuwa umekatika jioni nikiwa ndani ya Windows, ukarudi baadaye kidogo, nami sikuwasha mpaka asubuhi.

#28 FundiKariakoo
Usiku mmoja hauthibitishi afya ya betri. Joto la Tanga la mchana na ubaridi wa usiku hubadilisha mguso wa kishikizo chake. Itoe, ipime kwa mita, na kama ni chini ya volti 2.7 usiirudishe. Tazama pia kama kishikizo kimelegea.

#29 Mzizima
Au Windows iliamka kutoka katika hali iliyohifadhiwa kabla umeme haujakatika. Hujafanya #16, ndugu yangu.

#30 Msimbo_NBI
Umeme ukikatika ghafla hakuna nafasi ya kuhifadhi hali hiyo, kwa hiyo #29 ina shida. Wala betri iliyostahimili Jumamosi haielezi dakika 40 kirahisi. Ndugu MhasibuTanga, ikitokea tena usiiweke saa sawa kwanza. Ukiwa Windows andika w32tm /query /status, kisha zima, soma saa ya BIOS, ingia Ubuntu bila bando uandike timedatectl, na utuletee hapa mstari wenye RTC time, yaani ile saa ndogo, pamoja na hizo nyingine mbili.

#31 MwalimuMaabara
Nami nitafanya #19 kwenye mashine mbili za maabara na #17 kwenye nyingine mbili, zote bila intaneti, nione zipi zinapotea zaidi kufikia mwisho wa muhula.